Eric Liddell: Winga wa Raga Aliyeiheshimu Dominika

Wengi humkumbuka Eric Liddell kwa mbio za Paris. Wachache wanajua kwamba kabla ya hapo alikuwa winga wa timu ya taifa ya raga ya Uskoti.

Alizaliwa Tianjin, China, tarehe 16 Januari 1902, akiwa mtoto wa wamisionari Waprotestanti kutoka Uskoti. Aliposoma Chuo Kikuu cha Edinburgh aliichezea Uskoti mechi 7, mwaka 1922 na 1923. Kisha akaiacha raga ili ajiandae kwa Olimpiki ya 1924.

Mchujo wa mita 100, mbio alizozimudu zaidi, ulipangwa kufanyika Dominika. Liddell alikataa kukimbia siku ya Bwana, na lawama hazikumyumbisha. Akajifua kwa mita 400. Tarehe 11 Julai alitwaa dhahabu kwa sekunde 47.6, rekodi ya dunia. Katika mita 200 alikuwa ameshapata shaba.

Mwaka 1925, sifa zake zikiwa juu, alirudi China kufundisha katika chuo cha wamisionari Tianjin. Mwaka 1934 alimwoa Florence Mackenzie. Hali ya vita ilipozidi kuwa mbaya, mwaka 1941, alimsafirisha mkewe mjamzito na binti zao wawili kwenda Kanada, yeye akabaki kazini. Binti wa tatu hakuwahi kumwona.

Mwaka 1943 Wajapani walimweka katika kambi ya Weihsien pamoja na wageni wengine, wakiwemo mapadre na masista Wakatoliki. Humo aliwafundisha watoto sayansi na kuwaandalia michezo, ila si Dominika. Siku moja ya Dominika vijana walicheza mpira wa magongo bila mwamuzi, wakaishia kupigana. Dominika iliyofuata Liddell mwenyewe aliingia uwanjani kuwa mwamuzi wao.

Je, alijipinga? Sidhani. Paris alikataa kuitumia siku ya Bwana kwa heshima yake mwenyewe. Kambini aliitumia kuwapatanisha watoto wa wenzake. Katika yote mawili, aliyejinyima ni yeye.

Alifariki humo kambini tarehe 21 Februari 1945, akiwa na miaka 43, kwa uvimbe kwenye ubongo. Miezi sita baadaye kambi ilikombolewa.

Mpendwa msomaji, tunaposema tunaitunza Dominika, tujiulize pia: jirani yetu anapata nini siku hiyo?