Sokrates: Hapana ya Mtu Mmoja



Ukisoma falsafa seminarini, jina la Sokrates unalisikia karibu kila siku. Wengi wanamjua kama mzee wa maswali mengi, basi. Mimi kilichonishika zaidi siyo maswali yake, ni mambo mawili aliyokataa kufanya.

Alizaliwa Athene, Ugiriki, mnamo mwaka 470 KK. Baba yake alikuwa fundi wa kuchonga mawe, mama yake mkunga. Miaka kumi hivi kabla hajazaliwa, mfalme Xerxes wa Uajemi aliuchoma moto mji huo, kisha meli zake zikapigwa vibaya pale Salamis. Kwa hiyo Sokrates alikulia katika mji wenye majivuno. Waathene walisema Waajemi wanamtumikia mfalme mmoja, wao ni watu huru wanaojiamulia kwa kura. Ila wanawake na watumwa hawakuwa na kura.

Usimfikirie kama mtu wa vitabu. Hakuandika hata kimoja. Habari zake tumezipata hasa kwa wanafunzi wake, Plato na Xenophon. Alikuwa askari wa miguu. Huko Potidaea alitembea pekupeku juu ya barafu na kumwokoa kijana Alcibiades aliyekuwa amejeruhiwa. Huko Delium, jeshi lilipokimbia ovyo, yeye aliondoka taratibu, akiwaangalia maadui bila hofu.

Wakati huo hawakupigana tena na Waajemi. Kuanzia mwaka 431 KK Wagiriki walikuwa wanauana wao kwa wao, Athene na Sparta, na mwishoni Waajemi wakawapa Wasparta fedha za meli. Athene ikaingiwa na hofu, na hofu ikazaa hasira.

Mwaka 406 KK Athene ilishinda vita ya baharini huko Arginusae, lakini dhoruba ikazuia kuwaokoa mabaharia waliobaki majini. Umati ukataka makamanda wauawe wote kwa kura moja, bila kila mmoja kusikilizwa kwa zamu yake. Hiyo ilikuwa kinyume cha sheria. Siku hiyo Sokrates alikuwa miongoni mwa wasimamizi wa mkutano. Wasimamizi wenzake waligoma mwanzoni, wakatishiwa, wakalegea. Akabaki yeye peke yake. Makamanda sita wakauawa. Baadaye wananchi wakajuta, lakini ndiyo hivyo tena, wafu hawarudi.

Miaka miwili baadaye Athene ilishindwa, na Sparta ikaweka watawala 30 wakatili. Wakamwita Sokrates na wenzake wanne, wakawaamuru wamlete mtu mmoja aitwaye Leon auawe. Wanne wakaenda kumkamata. Sokrates akaenda zake nyumbani.

Sasa angalia. Mara ya kwanza aliyembana ni umati, mara ya pili ni wakubwa. Na mara zote mbili hapana yake haikumwokoa mtu. Makamanda walikufa, Leon alikufa. Sasa ilisaidia nini?

Mimi hapo namkumbuka Yosefu wa Arimataya. Luka anatuambia kwamba alikuwa mjumbe wa baraza, lakini hakukubaliana na uamuzi wao juu ya Yesu. Naye hakuweza kuzuia msalaba. Lakini kwa kuwa mikono yake haikuwa na damu ile, ndiyo iliyomshusha Bwana na kumlaza kaburini. Dhamiri safi haishindi kila kura, ila inamwachia Mungu mtu wa kumtuma kesho.

Sisi wa Arusha hatuna haja ya kwenda mbali. Pale AICC, hadi mwaka 2015, ilikaa Mahakama ya Kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Sheria yake ilisema wazi kwamba kuamriwa na mkubwa hakumwondolei mtu hatia. Na huku mitaani kwetu, chini ya Mlima Meru, ikipigwa kelele ya mwizi, dakika tano tu watu tunaosali nao wanageuka wananchi wenye hasira kali. Kila mmoja anarusha jiwe moja, na hakuna anayejiona ameua.

Sokrates naye zamu yake ilifika mwaka 399 KK. Alishtakiwa kwamba haiheshimu miungu ya mji na anaharibu vijana. Rafiki zake walikuwa tayari kumtorosha gerezani. Akakataa, akanywa sumu akiwa na miaka 70 hivi. Karne nyingi baadaye, Mtakatifu Yustino, shahidi na mwanafalsafa, alimhesabu kati ya watu walioishi kwa kumfuata Neno hata kabla Neno hajatwaa mwili.

Kijana mwenzangu, wiki hii jiulize: ni kundi gani ambalo huwa siwezi kulikatalia? Kama ni kijiweni, kama ni kwenye grupu la WhatsApp, kama ni kazini. Kisha mwombe Roho Mtakatifu nguvu ya kusema hapana moja tu, hata ukibaki peke yako.

Mtakatifu Yustino, utuombee.