Emil Nolde: Mchoraji wa Kristo aliyedhihakiwa na aliowatukuza

EMIL Nolde, mchoraji wa Kijerumani aliyezaliwa mwaka 1867 katika familia ya wakulima, alikamilisha mwaka 1912 picha tisa za maisha ya Kristo. Kubwa kuliko zote, iliyo katikati, ni ya kusulubiwa, ambapo rangi kali hutangulizwa ili zieleze uchungu kuliko sura halisi.

Mwaka 1934 alijiunga na Wanazi wa Schleswig Kaskazini. Hata hivyo, mwaka 1937 utawala wa Hitler uliyanyang'anya makumbusho kazi zake 1,052, na picha hizo za Kristo zikatundikwa Munich ili umma uzicheke.

Baada ya vita alihesabiwa mwathiriwa tu, hadi alipofariki mwaka 1956. Maonyesho ya Berlin ya mwaka 2019 yalibainisha kwamba hakuuacha Unazi hadi ulipoanguka.