Shekhar Mehta, Mganda aliyeitawala Safari Rally

Mfanyabiashara anayevuka Busia au Namanga leo akiwa na mzigo wake huenda hajui kwamba barabara hizo ziliwahi kuwa uwanja mmoja wa mbio. Safari Rally ilianza mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, na magari yalikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye zikawa mbio za Pasaka. Barabara hazikufungwa: dereva alikutana na mabasi, malori na ng'ombe kama wewe unavyokutana nao.

Katika mbio hizo ndimo alimoibukia Shekhar Mehta. Alizaliwa Uganda mwaka 1945, katika familia yenye asili ya India iliyomiliki mashamba makubwa. Alianza kushindana akiwa na miaka 21, kwa gari aina ya BMW. Mwaka 1971 alishika nafasi ya pili katika Safari akiendesha Datsun 240Z, na wengi wakaona kwamba zamu yake i karibu.

Lakini mwaka uliofuata Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka Uganda. Mashamba, maduka, viwanda na nyumba vikabaki nyuma. Anayejua uchungu wa kuzuiliwa gunia moja mpakani na akadirie hasara ya kuacha kila kitu. Familia ya Mehta ikahamia Kenya, na kijana yule akaanza upya upande wa pili wa mpaka.

Pasaka ya 1973 ikafika. Huo ulikuwa mwaka wa kwanza wa Ubingwa wa Dunia wa rali, na Safari ilikuwa mojawapo ya mbio zake. Wakati ule mshindi hakuwa lazima mwenye kasi kuliko wote. Kila kipande cha njia kilipangiwa muda, na kila dakika ya kuchelewa ilihesabiwa kuwa adhabu. Mwenye adhabu chache ndiye aliyeshinda. Mehta na msoma ramani wake, Lofty Drews, walimaliza wakiwa sawasawa na Harry Källström wa Sweden, aliyeendesha Datsun nyingine. Ikabidi waamuzi watazame nani alisafiri mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Ni Mehta. Miezi michache tu baada ya Waasia kufukuzwa Uganda, alikuwa bingwa wa Safari.

Miaka iliyofuata mbio zikabaki ndani ya Kenya, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe ikavunjika. Mehta hakupata ushindi wa pili hadi 1979. Hapo akafungulia: 1979, 1980, 1981 na 1982, mara nne mfululizo, Mike Doughty akiwa pembeni yake. Mwaka 1979 Hannu Mikkola alikuja na Mercedes kubwa yenye nguvu, akawa wa pili nyuma ya Datsun ndogo ya 160J. Mwaka 1982 Walter Röhrl, aliyetwaa ubingwa wa dunia mwaka huohuo, naye akawa wa pili. Magari ya Mehta hayakuwa ya kutisha kwa sura. Mimi naamini siri yake ilikuwa subira: kujua wapi pa kukaza mwendo, na wapi pa kulipeleka gari taratibu kwenye matope ili lifike zima. Madereva wetu wa malori wanaielewa hesabu hiyo bila kufundishwa.

Mkewe, Yvonne, naye alimsomea ramani katika baadhi ya mashindano. Si ndoa nyingi ambazo zingestahimili kazi hiyo.

Mwaka 1987, katika mbio za jangwani nchini Misri, Mehta alipata ajali mbaya iliyomaliza maisha yake ya udereva. Hakuondoka kwenye mchezo. Alipanda hadi kuongoza kamisheni ya rali ya FIA, shirikisho la dunia la mchezo wa magari, akiwa miongoni mwa watu wachache wa ukanda wetu waliofika ngazi hiyo.

Alifariki London mwezi Aprili 2006, akiwa na miaka 60. Wakati huo Safari ilikuwa imeshaondolewa kwenye Ubingwa wa Dunia, baada ya mbio za 2002. Ilirejeshwa mwaka 2021, lakini njia yake ni ya Kenya peke yake. Magari hayavuki tena Busia wala Namanga.