Baroni Dhanis, kamanda aliyepinduliwa na askari wake

Francis Dhanis alizaliwa London mwaka wa 1861, baba yake akiwa Mbelgiji mfanyabiashara. Alisomea kazi ya jeshi Ubelgiji, kisha akaja Kongo kumtumikia Mfalme Leopold II.

Jina lake lilipanda katika vita vya 1892 mpaka 1894 dhidi ya Waarabu na Waswahili wa Maniema. Alikamata Nyangwe mwezi wa tatu 1893, Kasongo mwezi wa ine. Lakini hakushinda peke yake. Gongo Lutete, mkubwa wa vita aliyekuwa upande wa Tippu Tip, alihamia kwake na wapiganaji wengi waliojua njia na mito. Malipo yake je? Mwezi wa tisa 1893, maofisa wazungu walimshitaki usaliti, wakamupiga risasi kule Ngandu. Dhanis hakuwa pale. Yeye alirudi Ulaya, mfalme akamupa cheo cha baroni.

Watu wa Gongo hawakusahau. Mwaka wa 1895, askari waliasi Luluabourg. Hata hivyo, mwaka uliofuata Dhanis alichukua askari karibu 3,000, wengi wao Watetela, awapeleke mpaka mto Nile kwa kupitia pori la Ituri. Safari ndefu, posho kidogo, fimbo nyingi. Tarehe 14 mwezi wa pili 1897, kule Ndirfi, kundi la mbele liliua maofisa wake. Mwezi wa tatu waasi walimushinda Dhanis mwenyewe, na ndugu yake Louis akafa.

Waasi walishuka kusini, wakapita huku Kivu, na mwaka wa 1898 wakakamata Kabambare. Tusiwasifu bure: walikula vya vijiji, na wamama wasio na kosa ndio walilia. Dhanis alifia Brussels mwaka wa 1909, akiwa na miaka 48.

Ndugu wachimbaji, kushinda Maniema kulimupa baroni jina, lakini waliomubeba hawakupata hata chakula cha kutosha. Njo maana sisi wa sendika tunasema: mambo ya posho, mushahara na azabu yazungumzwe mezani mapema. Hasira ikishatoka bila mazungumzo, haichagui. Inaanzia kwa mkubwa, inamalizikia kwa jirani.