Nyaatha wa Gikondi na swali la maji yasiyokwisha

Mnamo Mei 23, 2015, maelfu ya waumini walikuwa wamekusanyika katika viwanja vya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, nje kidogo ya mji wa Nyeri, kumshuhudia Sista Irene Stefani akitangazwa Mwenyeheri, pale duara la mwanga lilipoonekana likilizunguka jua. Wengi walipiga vigelegele, wakaamini kwamba mbingu zenyewe zimetia muhuri.

Wataalamu wa hali ya hewa hawakushtuka. Katika mawingu membamba yaliyo juu sana, maji huganda yakawa chembechembe za barafu zenye pande sita, nazo huipinda miale ya jua kwa kiasi cha nyuzi 22, ndipo duara likatokea. Duara la namna hiyo halichagui uwanja. Mkazi wa Skuta au King'ong'o aliyeinua macho saa ile angeweza kuliona vilevile, hata kama hakuwa na habari yoyote ya ibada.

Je, jambo lenye maelezo ya kisayansi linaweza kuwa ishara? Na jambo lisilo na maelezo, linaweza kutokea ndani ya ulimwengu huu unaotawaliwa na kanuni za maumbile? Maisha ya mtawa huyu yanayaweka maswali hayo mahali pa wazi kuliko mijadala mingi ya vitabuni.

Alizaliwa Agosti 22, 1891 katika kijiji cha Anfo, mkoa wa Brescia nchini Italia, akapewa jina la Mercede. Mwaka 1911 alijiunga na watawa wamisionari wa Consolata mjini Turin, na mwishoni mwa 1914 akapanda meli kuja Kenya. Alitua Mombasa mapema mwaka 1915, Vita Vikuu vya Kwanza vikiwa vimekwisha kuwasha moto mpakani na Tanganyika.

Hakupata nafasi ya kuzoea nchi. Waingereza walikuwa wamewakusanya Waafrika kwa malaki wawe wapagazi wa jeshi, wale ambao kumbukumbu yao imebaki katika majina ya Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa kuhara damu, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Sista Irene aliwauguza katika hospitali za kijeshi za Voi, Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Husimuliwa kwamba siku moja huko Kilwa aliambiwa mgonjwa wake mmoja amekwisha kutupwa ufuoni pamoja na maiti. Akaenda kumtafuta katikati ya miili ile, akamkuta angali anapumua. Wapo wanaoliita tukio hilo muujiza. Kwa maoni yangu, hapo hakuna kanuni iliyovunjwa. Kilichokuwepo ni mtu aliyekataa kukubali hesabu ya wengine.

Kuanzia mwaka 1920 alihudumu katika misheni ya Gikondi, eneo la Mukurwe-ini. Alifundisha, alizuru wagonjwa kwa miguu akipanda na kushuka vilima vya Nyeri, na aliwaandikia barua wasiojua kuandika ambao ndugu zao walikuwa wamekwenda mbali kutafuta kazi. Wenyeji wakamwita Nyaatha, yaani mwenye huruma.

Mwaka 1930 tauni ilizuka. Mtawa huyu alimuuguza mwalimu mmoja aliyekuwa ameshikwa na ugonjwa huo, naye akaambukizwa. Alifariki Oktoba 31, 1930, akiwa na umri wa miaka 39.

Tuutazame ugonjwa wenyewe. Kijidudu cha tauni kilikuwa kimetambuliwa tangu 1894 na Alexandre Yersin huko Hong Kong. Huenezwa na viroboto wa panya, na kikifika mapafuni husafiri kwa pumzi. Dawa ya streptomisini ilipatikana katika miaka ya 1940. Mgonjwa ambaye angepona kwa dawa hiyo angeonekana mwaka 1930 kuwa amefufuliwa. Kwa Nyaatha, kanuni za maumbile hazikulegezwa hata kidogo.

Muujiza uliomfikisha kwenye heshima ya Mei 2015 ulidaiwa kutokea miaka 58 hivi baada ya kifo chake, na haukutokea Nyeri. Januari 1989, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea Msumbiji, wapiganaji wa Renamo waliuvamia mji mdogo wa Nipepe, mkoani Niassa. Watu wapatao 270, wakiwamo makatekista, walijifungia kanisani kwa siku kadhaa. Maji waliyokuwa nayo yalikuwa lita chache tu ndani ya birika la ubatizo lililochongwa kwa gogo. Walimwomba Sista Irene awaombee. Mashahidi walisema kwamba watu walikunywa, mtoto mchanga aliyezaliwa humo akaoshwa, na maji hayakwisha.

Kwa kawaida miujiza inayopelekwa Vatican ni ya wagonjwa waliopona, na madaktari ndio huulizwa. Huu ulikuwa wa kipimo: lita ngapi, watu wangapi, siku ngapi. Wataalamu huulizwa tu kama kuna maelezo ya kawaida. Kuliita tukio muujiza ni kazi ya wanateolojia na Papa. Papa Francis aliidhinisha uamuzi huo Juni 2014.

Mwenye shaka ana hoja zake, na si za kubezwa. Januari ni msimu wa mvua kaskazini mwa Msumbiji. Watu wenye hofu hawapimi maji. David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, alishikilia mwaka 1748 kwamba ushahidi wa kanuni za maumbile daima huwa mzito kuliko ushahidi wa anayesimulia kuvunjwa kwake. Lakini karne 13 kabla yake, Agostino, askofu wa Hippo huku kwetu Afrika, alikuwa amefundisha kwamba muujiza haupingani na maumbile, bali na yale machache tunayoyajua kuyahusu. Hume anahesabu kanuni kama ukuta. Agostino anaihesabu kama ramani ambayo haijakamilika. Wazee wa Kikuyu waliosali wakielekea Kirinyaga wangemwelewa zaidi Agostino, kwani mvua kwao ilitoka mawinguni na ilitoka kwa Ngai, bila ugomvi kati ya mawili hayo.

Mimi naona hoja ya Agostino ina nguvu, ila ina gharama yake: tukisema muujiza ni kile tusichokijua bado, kila ugunduzi utaupunguza. Streptomisini ilifanya hivyo kwa tauni. Kwa birika la Nipepe hakuna anayeweza kurudi na kikombe cha kupimia.

Ili Mwenyeheri atangazwe Mtakatifu, Kanisa kwa kawaida hudai muujiza mwingine, na sharti uwe umetokea baada ya kutangazwa kwake. Duara la jua lililoonekana Nyeri halifai kwa kazi hiyo, kwa kuwa maelezo yake yamo katika vitabu vya fizikia.