Mwenda Jean-Bosco: gitaa la Katanga lililofika Nairobi mbele ya mwenyewe

Mwenda Jean-Bosco, anayejulikana pia kwa jina la Mwenda wa Bayeke, alizaliwa mwaka wa 1930 huko Bunkeya, Katanga. Bunkeya ndiyo iliyokuwa makao makuu ya mfalme Msiri, aliyetoka Unyamwezi, katika Tanzania ya leo, na misafara ya biashara katika karne ya 19. Mababu wa Bayeke walitoka mashariki. Mtoto wao alirudisha nyimbo huko huko.

Mwaka wa 1952, akiwa Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, alikutana na Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyeishi Afrika ya Kusini. Tracey alimrekodi. Wimbo « Masanga » ukatoka kwenye diski za kampuni Gallo. Mwenda alipiga gitaa kavu kwa vidole viwili tu: gumba lilishika besi, kidole cha pili kikaimba juu yake. Aliyesikia diski bila kumuona alidhani wapigaji ni wawili.

Diski hizo hazikuomba ruhusa mpakani. Zilifika Kenya kwa gramafoni na redio, na vijana wakajifunza kwa masikio, wakizirudilia mpaka vidole vikubali. Kiswahili cha Katanga hakikuwa sawa na chao, lakini walikielewa. Alipofika Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1950, Mwenda alikuta jina lake limekwisha kumtangulia. Alipata kipindi chake kwenye redio, na ndugu yake Edouard Masengo naye alifanya kazi ya muziki mjini humo. Wapigaji wengi wa Kenya walichukua mtindo huo, wakauimbia katika lugha zao.

Mwaka wa 1969, alipanda jukwaani kwenye tamasha la Newport, Marekani. Lakini nyumbani, bendi za gitaa la umeme na nyimbo za Kilingala zilikuwa zimetawala. Pamoja na sifa zote za ng'ambo, gitaa halikutosha kumlisha: Mwenda alifanya kazi katika benki, kisha katika kampuni ya migodi Gécamines.

Alirekodi tena Cape Town mwaka wa 1988. Miaka miwili baadaye, Septemba 1990, alifariki katika ajali ya gari. Hata leo, wapiga gitaa wa Ulaya na Marekani wanaendelea kujifunza « Masanga », vidole viwili, kamba kwa kamba.