Ilya Ivanov, mtu wa mbegu za ngombe na farasi, na kile alichotaka kufanya Conakry

Mfugaji akitaka ndama wa aina nzuri, leo si lazima anunue dume. Muganga wa wanyama anakuja na mbegu ya dume iliyowekwa kwenye baridi kali, anaiingiza kwa jike kwa mkono, na kazi imekwisha. Sisi wa Dilala, wenye tunakunywa zaidi maziwa ya unga ya mu boiti, tunaweza kuona hilo ni jambo la mbali. Lakini mtu aliyelitoa kwenye majaribio akalifanya kuwa kazi ya kila siku ya wafugaji alifika hapa Afrika, na safari yake haikuwa ya ngombe.

Jina lake ni Ilya Ivanov, Mrusi, mzaliwa wa 1870 mu mji mdogo wa Shchigry. Alimaliza masomo ya biolojia kwenye universite ya Kharkov mwaka wa 1896, kisha akapita Paris, kwenye Institut Pasteur. Kuingiza mbegu kwa mkono hakukuanza naye. Mwitaliano Spallanzani alikwisha kufanya hivyo kwa mbwa zaidi ya miaka 100 mbele yake. Ivanov yeye aliangalia farasi. Urusi ilikuwa na lazima ya farasi wengi, kwa jeshi na kwa mashamba, na dume moja kwa kawaida lilipanda majike 20 ao 30 kwa musimu. Alikusanya mbegu kwa sponji safi, akaigawanya, na dume lile lile likaweza kutumikia majike hata 500. Hesabu hiyo peke yake ilitosha kumupa jina kubwa.

Alipenda pia kuchanganya wanyama wa aina mbili, kama punda milia na punda. Huko ndiko wazo lingine lilimuingia: kuchanganya mtu na sokwe. Mwaka wa 1925 serikali ya Soviet ilimupa dola 10.000. Wakubwa wengine waliona itaonyesha kwamba mtu na nyani ni ndugu, na itapiga dini.

Hivi ndivyo alifika Guinea, koloni ya Wafaransa. Tarehe 28 Februari 1927, kwenye bustani ya miti ya Conakry, aliingiza mbegu ya mtu kwa sokwe wawili majike, na mwezi wa Juni kwa wa tatu. Hakuna aliyeshika mimba.

Njo akageuza mpango. Alitaka kuingiza mbegu ya sokwe kwa wanawake Waafrika waliolazwa hospitali, bila kuwaambia, wao wakizani ni muganga anawapima tu. Hapa mtu asome polepole. Huyu hakuwa mjinga ao mlevi, alikuwa profesa mwenye kuheshimiwa, na kwake mama wa Conakry alikuwa sawa na jike la farasi: hana cha kuulizwa. Gavana Mfaransa alikataa ifanyike bila wanawake wenyewe kukubali. Kwa koloni ya wakati ule, yenye kazi ya lazima na mijeledi, inashangaza kidogo, lakini alikataa. Ivanov alikasirika sana.

Alirudi na sokwe kwenye kituo kipya cha Sukhumi, pembeni ya Bahari Nyeusi. Mara hii alitafuta wanawake wa kwao, lakini wale walipaswa kukubali wenyewe. Kazi haikuanza hata: orangutan aliyengojewa, aliyeitwa Tarzan, alikufa mwaka wa 1929.

Desemba 1930 alikamatwa, akafukuziwa Alma-Ata, Kazakhstan ya leo. Huko alirudilia mifugo, kwenye chuo cha waganga wa wanyama, na akafa tarehe 20 Machi 1932. Wanafunzi wake waliendelea kutengeneza vyombo vya kukusanyia mbegu ya ngombe na kondoo. Mwaka wa 1946 Kenya ilifungua kituo chake cha mbegu za ngombe pale Kabete, karibu na Nairobi.